Mulekera: Mtoto anayeinamisha kichwa asipigwe wala kuombewa tu, apimwe macho

Katika mtaa wa Mulekera, mjini Beni, kama kwingineko Kivu ya Kaskazini, mtoto anayeketi darasani akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja hupewa majina mengi. Mwalimu humwona mzembe. Wenzake humcheka. Nyumbani bibi husema alilazwa vibaya tangu uchanga, na jirani hunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Neno moja ambalo lingemsaidia husemwa mara chache: mtoto huyu apelekwe kupimwa macho.

Kiswahili kinasema kwamba mtu anayefanya jambo bila kupenda analifanya shingo upande. Kwa mtoto huyu mambo ni kinyume. Ameweka shingo upande kwa sababu anataka sana kuona. Macho yake yana kasoro ambayo hawezi kuieleza, na mwili wake umegundua wenyewe kwamba kichwa kikikaa hivi, ubao unaonekana vizuri zaidi. Anayemshika kidevu na kumwambia anyooshe kichwa anamnyang'anya kipofu fimbo yake.

Jambo hili linaonekana dogo mjini Beni, ambako watu wamezika ndugu wengi mno. Lakini linapoteza macho ya watoto ambao wangeweza kuona. Wazazi, walimu, wachungaji na wakubwa wa afya, kila mmoja ana sehemu yake katika hasara hiyo, na kila mmoja anaweza kuizuia bila kungojea fedha kutoka Kinshasa.

Kichwa hutafuta mahali macho yanapopatana

Kila jicho linavutwa na misuli sita, na misuli hiyo inaamriwa na mishipa mitatu ya fahamu inayotoka kwenye ubongo. Ili mtu aone kitu kimoja, misuli yote kumi na miwili ya macho mawili lazima ivute kwa kipimo kimoja. Msuli mmoja ukilegea au ukikaza kupita kiasi, jicho moja huangalia hapa na lingine huangalia pembeni kidogo. Mtu huona vitu viwili badala ya kimoja: walimu wawili, herufi mbili, ngazi mbili za mlango.

Mtoto mdogo hajui kwamba wengine hawaoni hivyo. Hawezi kumwambia mama yake, "Ninaona vitu viwili". Anachofanya ni kugeuza au kuinamisha kichwa mpaka macho yafike upande ambao msuli dhaifu hauhitaji kufanya kazi kubwa. Pale picha mbili zinaungana. Akishapapata mahali hapo, anakaa hapo kutwa, na baada ya miezi kadhaa watu wanadhani ndivyo alivyoumbwa.

Waganga wa macho huliita jambo hili tortikoli ya macho, yaani shingo inayopinda kwa sababu ya macho. Kichwa kinaweza kuinama kuelekea bega, uso unaweza kugeuka kushoto au kulia, na kidevu kinaweza kuinuka au kushuka. Mara nyingine mikao miwili huchanganyika. Kila mkao unamwelekeza daktari kwenye chanzo chake.

Mfano unaojulikana sana ni wa mshipa wa nne wa fahamu, ule unaoamuru msuli wa juu unaozungusha jicho. Mshipa huo ukiwa dhaifu upande wa kulia, jicho la kulia hupanda juu kuliko la kushoto, na mtoto huinamisha kichwa kuelekea bega la kushoto ili kuyasawazisha. Wengi huzaliwa nao. Wengine huupata baada ya kugonga kichwa, kwa sababu mshipa huu ni mwembamba na una safari ndefu ndani ya fuvu. Katika mji ambako pikipiki ndiyo gari la kila mtu na kofia ya kinga huvaliwa na wachache, mtu mzima anayeanza kuinamisha kichwa na kuona vitu viwili baada ya ajali asiambiwe kwamba ni mshtuko tu utakaopita.

Mshipa wa sita ukilegea, jicho haliwezi kwenda nje kuelekea sikio. Mwenye shida upande wa kulia hugeuza uso wake kulia, na macho yake yanabaki yakiangalia kushoto, mahali ambapo msuli uliolegea haudaiwi kitu. Wapo pia watoto wanaozaliwa na hitilafu ya mishipa hiyo ambapo jicho moja halitoki vizuri kwenda pembeni, na kope lake hupungua uwazi likirudi upande wa pua. Hao nao hugeuza uso.

Kisha kuna macho yanayochezacheza bila kutulia. Mtoto mwenye macho hayo mara nyingi ana upande mmoja ambao mchezo huo hupungua. Akiangalia kwa pembe hiyo, herufi hutulia kidogo. Ndiyo maana hugeuza uso anapotaka kusoma, na huugeuza zaidi kadiri maandishi yanavyokuwa madogo. Watoto wenye ualbino wengi wana hali hii, kwa kuwa upungufu wa rangi mwilini huathiri pia sehemu ya nyuma ya jicho. Mtoto wa aina hiyo akitazama ubao kwa jicho la pembeni, haringi wala hamdharau mwalimu. Anasoma kwa njia pekee aliyo nayo.

Mwingine huinua kidevu juu kama mtu anayetazama dari. Mtazame kope zake. Kope ikiwa imeanguka na kufunika nusu ya mboni, mtoto hana njia nyingine ya kuona mbele ila kuinua kidevu na kukunja paji la uso. Wapo wanaopinda kichwa kwa sababu tu hawana miwani, hasa wale ambao kioo cha jicho hakikupinda sawasawa na mistari huonekana imevutwa. Na yule anayeona kwa jicho moja tu huweza kugeuza uso kuelekea upande wa jicho lisiloona, ili lile zima likae katikati na kutazama pande zote mbili.

Si kila shingo iliyopinda imetokana na macho

Uaminifu unadai kusema pia upande wa pili. Mtoto mchanga anaweza kuwa na msuli wa shingo uliofupika tangu kuzaliwa. Huyo kichwa chake huinama tangu wiki za kwanza, shingo ni ngumu ikigeuzwa, na mara nyingine kuna uvimbe mdogo unaoshikika ndani ya msuli. Huhitaji mazoezi ya kunyoosha yanayofundishwa na mtaalamu, na yakianza mapema katika mwaka wa kwanza, wengi hupona bila kupasuliwa.

Mtoto asiyesikia kwa sikio moja naye hugeuza kichwa ili kumpa mwalimu sikio zima. Kifua kikuu cha uti wa mgongo, usaha kooni na maumivu ya mifupa ya shingo huweza kupinda kichwa. Dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoclopramide, ambayo hununuliwa kirahisi kwenye maduka ya dawa, inaweza kumfanya mtoto apinde shingo ghafula na macho yapande juu. Mama akiona hivyo, aende hospitali na paketi ya dawa mkononi, kabla ya kwenda chumba cha maombi.

Zipo dalili ambazo haziruhusu kungoja hata siku moja. Kichwa kikianza kuinama ghafula kwa mtoto ambaye zamani alikuwa mzima, pamoja na kuumwa kichwa, kutapika asubuhi au kuyumba akitembea, kunaweza kuwa na uvimbe kwenye ubongo. Shingo ikikaza pamoja na homa kali, kunaweza kuwa na homa ya uti wa mgongo. Na mboni ikionekana nyeupe badala ya nyeusi, hasa kwenye picha ya simu, mtoto apelekwe mara moja, kwani saratani ya jicho la mtoto huanza hivyo na huua ikicheleweshwa.

Lakini tofauti kati ya shingo na macho si fumbo la kuwashinda wazazi. Kuna mambo manne ambayo mama au mwalimu anaweza kuyaangalia bila mashine yoyote. La kwanza, kumfunika mtoto jicho moja kwa kiganja kwa dakika chache wakati anatazama kitu, kisha jingine. Kichwa kikinyooka, macho ndiyo yanayoshukiwa, kwa sababu jicho moja halina cha kupatanisha na mwenzake. La pili, kumtazama akiwa amelala usingizi. Shingo inayopinda kwa sababu ya macho hulegea na kugeuka kwa urahisi, ila ile ya msuli uliofupika hubaki ngumu. La tatu, kukumbuka ilianza lini: ya macho huonekana zaidi mtoto anapoanza kuketi na kutumia macho yake. La nne, kuangalia picha za zamani. Picha ya ubatizo, ya sikukuu, ya mwaka wa kwanza shuleni, zote zikionyesha kichwa kimeinama upande ule ule, daktari atazifurahia kuliko maelezo marefu.

Makosa matatu yanayofanywa kwa nia njema

Kosa la kwanza ni fimbo na kelele za "nyoosha kichwa". Mtoto akilazimishwa kukaa wima, mojawapo ya mambo mawili hutokea. Ama anaona vitu viwili na kushindwa kusoma, ama ubongo wake unaamua kuzima picha ya jicho moja ili kupata utulivu. Hilo la pili ndilo baya zaidi. Watu humsifu: "Ameacha tabia yake". Kumbe kichwa kimenyooka kwa sababu jicho moja limeachwa. Mtoto aliyekuwa akiinamisha kichwa halafu akaacha bila matibabu apimwe haraka kuliko yule anayeendelea.

Kosa la pili ni kumtafuta mchawi. Mahali fulani mtoto mwenye macho yanayochezacheza au kichwa kilichopinda hupelekwa kwenye chumba cha ukombozi, hunyimwa chakula na kulazwa chini kwa siku kadhaa. Sala haina ubaya, na makanisa ya Beni yamebeba mji huu katika siku ambazo hakuna mwingine aliyeubeba. Lakini kumwita mtoto mchawi ni kosa mbele ya sheria ya Kongo. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza hilo na inaweka adhabu. Mchungaji anayeombea mtoto kisha akamwambia mama, "Kesho nenda hospitali", amefanya kazi mbili njema. Anayemfungia mtoto amevunja sheria na amepoteza muda ambao macho hayana.

Kosa la tatu ni subira. "Atakua, itaisha". Hili ndilo lenye upole na ndilo linaloharibu wengi. Jicho la mtoto hujifunza kuona kama ulimi unavyojifunza kusema. Likikosa picha safi katika miaka ya kwanza, ubongo hauliandikishi, nalo hugeuka kuwa jicho vivu: kwa nje ni zima, kwa ndani halisomi. Matibabu huzaa matunda zaidi kabla ya miaka 7 hivi. Baada ya hapo wengine bado hupata nafuu, hata katika ujana, ila kwa kazi kubwa zaidi na matokeo madogo. Tena kichwa kilichoinama kwa miaka mingi hufupisha misuli ya shingo, na uso wenyewe huweza kukua upande mmoja ukiwa mdogo kuliko mwingine. Mtu mzima akija kutibiwa, macho yanaweza kusawazishwa na bado shingo ikabaki na maumivu yake.

Matibabu yapo, na mengi si ya ajabu

Wazazi wengi huogopa neno moja: kupasuliwa. Kuna uvumi kwamba daktari hutoa jicho nje, analitengeneza na kulirudisha. Hakuna kitu kama hicho. Katika upasuaji wa misuli ya macho, jicho hubaki mahali pake. Daktari hufungua ngozi laini inayolifunika, huupata msuli, huulegeza au kuukaza kwa kuusogeza milimita chache, kisha hushona. Mtoto hulazwa usingizi kwa dawa, na mara nyingi hurudi nyumbani siku ileile au kesho yake.

Tena upasuaji si hatua ya kwanza. Kwanza huja miwani. Mtoto ambaye tatizo lake ni kioo cha jicho kisicho sawa anaweza kunyoosha kichwa baada tu ya kuvaa miwani inayomfaa. Tofauti ndogo kati ya macho mawili inaweza kusahihishwa kwa vioo maalum viitwavyo prizima, vinavyosogeza picha ili macho yasihangaike. Jicho vivu huamshwa kwa kuziba lile zuri kwa plasta. Utafiti uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba kwa uvivu wa kadiri, saa 2 za kuziba kila siku zilitosha sawa na saa 6. Plasta ni bei ya sabuni. Kinachohitajika ni mama mwenye uvumilivu na daktari wa kumfuatilia.

Kwa macho yanayochezacheza, mwaka wa 1953 madaktari wawili, Anderson wa Australia na Kestenbaum wa Marekani, kila mmoja kivyake, walieleza upasuaji unaohamisha mahali pa utulivu kutoka pembeni na kupaleta mbele. Macho hayaachi kucheza kabisa, ila mtoto hahitaji tena kugeuza uso ili kusoma. Kope iliyoanguka inaweza kuinuliwa, na ile isiyo na nguvu kabisa hufungwa kwenye msuli wa paji la uso. Kwa mshipa uliolegea baada ya ajali, madaktari kwa kawaida hungoja karibu miezi 6 kabla ya kupasua, kwa kuwa wengine hupona wenyewe. Katika muda huo jicho huzibwa au huwekewa prizima ili mgonjwa asione vitu viwili.

Hakuna katika hayo jambo lililo geni kwa Afrika Mashariki. Yanafanyika Mbarara, Uganda, katika kituo cha macho cha hospitali ya misheni ya Ruharo. Yanafanyika Kikuyu, karibu na Nairobi. Yanafanyika CCBRT mjini Dar es Salaam. Kinshasa kuna hospitali ya Saint-Joseph, inayofundisha pia madaktari wa macho wa eneo hili la Afrika. Swali la Mulekera ni namna mtoto atakavyogunduliwa kabla ya kuchelewa, na namna atakavyosafiri.

Mahali mnyororo unapokatika

Mwaka wa 2019 serikali ilitangaza masomo ya msingi bila malipo. Watoto waliingia kwa wingi, na hilo ni jambo jema. Lakini darasa lililojaa humnyima mwalimu nafasi ya kumwona mtoto mmoja mmoja. Anayekaa nyuma na kuinamisha kichwa hupotea kati ya wengine. Zaidi ya hayo, mtoto huanza mwaka wa kwanza akiwa na miaka 6. Hata mwalimu mwenye jicho kali akimgundua siku hiyo, muda mzuri wa matibabu umebaki mfupi.

Kwa hiyo mahali panapofaa zaidi ni siku ya kupima kilo, ile ambayo wamama huita CPS. Mtoto wa Kongo huletwa kwenye kituo cha afya akiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14, kisha miezi 9 kwa chanjo ya surua. Hupimwa uzito, huchomwa sindano, huandikwa kwenye kikaratasi. Kumtazama macho kungechukua muda mfupi kuliko kumvua nguo. Je, anafuata taa ya simu ikipita mbele yake? Mboni zote mbili ni nyeusi? Macho yote mawili yanatazama mahali pamoja? Kichwa kimekaa wima? Maswali manne, mistari minne kwenye kikaratasi. Muuguzi hahitaji kujua jina la ugonjwa. Anahitaji kujua kwamba jibu baya ni sababu ya kumtuma mtoto mbele.

Tatizo lingine ni kwamba wamama wengi huacha kurudi baada ya chanjo ya miezi 9, wakati mashauri hayo yamewekwa kwa ajili ya mtoto mpaka miaka 5. Kati ya mwaka mmoja na sita, miaka ambayo jicho linajifunza, mtoto hakutani na mtu yeyote wa afya isipokuwa akiugua malaria. Pengo hilo linaweza kuzibwa na wahamasishaji wa afya wa mitaani, wale rekò wanaopita nyumba kwa nyumba.

Mji wa Beni unawajua watu hao. Wakati wa Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2 287, ni wao waliogonga milango, waliopima joto, waliofuata waliokutana na wagonjwa, wakitukanwa na mara nyingine kupigwa mawe. Ebola yenyewe iliwafundisha watu wa hapa kuhusu macho, kwani baadhi ya waliopona walipata uvimbe ndani ya jicho na mtoto wa jicho, na kliniki ya macho kwa ajili yao iliendeshwa mjini. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba macho hayawezekani Beni. Yaliwezekana wakati dunia ilikuwa inatazama.

Shuleni nako kazi ni ndogo. Mwalimu mmoja kwa kila shule akifundishwa kwa siku moja, anaweza kuchora herufi E zilizogeuzwa pande nne, kupima hatua, na kumwuliza mtoto vidole vya E vinaelekea wapi, jicho moja baada ya jingine. Anayeshindwa aandikwe. Anayeinamisha kichwa aandikwe pia, hata kama amejibu vizuri, kwa kuwa wengi wao huona vizuri kwa sababu ya kule kuinama. Na kabla ya kufika kwa daktari, mwalimu amwachie mtoto akae upande wa darasa unaomfaa. Mtoto anayegeuza uso kulia, macho yakielekea kushoto, aketi mahali ambapo ubao uko upande wake wa kushoto. Benchi likihamishwa, nusu ya mateso yake imepungua, na haikugharimu hata franka moja.

"Kuna vita, nani atafikiria macho?"

Hoja hiyo husikika kila inapozungumzwa afya isiyo ya risasi wala ya mlipuko. Ina uzito. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi. Waasi wa ADF wamewaua wakulima mashambani na kuwafukuza wengine vijijini, na Mulekera imewapokea waliokimbia. Mama anayelala na watoto sita katika chumba cha kuazima, ambaye shamba lake haliendeki, hatauza kuku wa mwisho kwa sababu kichwa cha mmoja wao kimeinama. Barabara ya Kasindi, inayoelekea Uganda, imeshambuliwa mara nyingi. Njia ya Goma imekatwa na vita, na M23 waliuteka mji huo mwishoni mwa Januari 2025.

Lakini hoja hiyo ikifuatwa mpaka mwisho, inageuka dhidi ya wenye kuitoa. Ikiwa njia ni ngumu na pesa ni haba, ndiyo sababu zaidi ya kugundua mapema, wakati miwani na plasta bado vinatosha, badala ya kungoja mpaka ibaki safari ya kuvuka mpaka. Ikiwa daktari hafikiki kila siku, ndiyo sababu ya kukusanya majina ya watoto wa Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori katika orodha moja, ili siku timu ya macho inapofika Beni au Butembo isipime mtoto wa jicho wa wazee peke yake. Kampeni nyingi za macho huhesabu wazee waliofunguliwa macho, na ni vema. Mzee anarudishiwa miaka michache ya kuona. Mtoto wa miaka 4 anapewa sitini.

Tena vita havikusimamisha mambo mengine. Mitihani ya serikali inafanyika. Kodi inakusanywa. Chanjo zinatolewa, hata kambini. Mji unaoweza kuandaa hayo unaweza kuongeza maswali manne kwenye kikaratasi cha kupima kilo.

Wa kufanya nini

Kanda ya afya ya Beni iandike kasoro za macho ya watoto kwenye mafunzo ya wauguzi wake wa CPS na ya rekò, na kila kituo kijue ni wapi pa kumtuma mtoto. Idara ya elimu, pamoja na shule za Kikatoliki na za Kiprotestanti, zipige marufuku kumwadhibu mtoto kwa jinsi anavyoweka kichwa. Wabunge wa Beni, ambao hawachelewi kuomba kura katika mitaa hii, waulizwe safari ngapi za watoto kwenda kutibiwa wamezigharamia au kuzitafutia mdhamini. Mashirika yanayoleta madaktari wa macho yaulizwe kabla ya kuja kama kati yao yumo anayejua misuli ya macho ya watoto, na kama watarudi, kwa sababu mtoto aliyezibwa jicho bila kufuatiliwa anaweza kudhoofisha lile lililokuwa zuri. Redio za mji, zinazosikika mpaka mashambani, zitoe dakika tano kwa wiki kwa Kiswahili na Kinande.

Na mzazi asingoje hao wote. Leo jioni, kabla giza halijaingia, amketishe mtoto mbele yake. Amfunike jicho moja, kisha lingine. Atazame kope, mboni na shingo. Atoe picha za zamani. Akiona jambo, aende kwenye kituo cha afya kilicho karibu na kusema wazi: "Ninaomba mtoto wangu apimwe macho". Akiambiwa itapita yenyewe, aombe barua ya kwenda hospitali kuu, na asiondoke bila barua hiyo.